Daktari alisema apumzike, nyumba haikusikia

Ilikuwa Aprili 2019, masika yamekolea, na kila kona ya Dar es Salaam watu walikuwa wakizungumzia homa ya dengue. Katika nyumba moja ya kupanga huko Temeke, mama wa watoto watatu alirudi kutoka kituo cha afya akiwa na karatasi yenye maagizo matatu: panadol, maji mengi, kupumzika.

Panadol ilinunuliwa duka la dawa la jirani kabla hata hajafika mlangoni. Maji yalichemshwa, yakapozwa, yakawekwa kwenye jagi pembeni ya kitanda, na mumewe akaongeza madafu mawili aliyoyanunua njiani. Agizo la tatu likabaki kwenye karatasi. Hakuna aliyelipinga. Ila hakuna pia aliyejua linaanzia wapi, wala linamhusu nani.

Mama huyo ni mama lishe. Siku yake ilikuwa ikianza saa kumi alfajiri kwa kuwasha mkaa, kukanda unga wa chapati na kubandika supu. Saa kumi na mbili mafundi wa gereji walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi lake wakisubiri. Mchana ni wali maharage na ugali samaki. Saa tisa anafunga, anapita sokoni, anarudi nyumbani kuanza kupika tena, safari hii bila kulipwa. Mumewe ni dereva wa bajaji, mtu mpole asiyejua baa iko wapi, lakini anatoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Kijana wao wa kwanza alikuwa kidato cha kwanza, binti darasa la sita, na mdogo wao alikuwa na miaka minne.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya daktari. Mama alikuwa amekopa kwenye kikoba ili kununua friji dogo la soda, na marejesho yalikuwa kila Jumamosi.

Walioipata dengue wanaijua. Kichwa kinauma nyuma ya macho, mifupa inauma kana kwamba mtu amepigwa na rungu, chakula hakiliki. Mtu akiugua malaria hupewa dawa mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima ndani ya siku tatu, na kila kidonge humpa moyo kwamba kuna kitu kinafanyika. Dengue haina dawa ya namna hiyo. Hakuna kidonge kinachoua virusi vyake. Panadol inashusha homa na maumivu, maji yanarudisha kilichopotea, na kazi yenyewe inafanywa na mwili. Homa nayo ina gharama zake: joto la mwili likipanda kwa nyuzi moja tu, matumizi ya nguvu huongezeka kwa takriban asilimia 10. Mtu mwenye homa ya nyuzi 39 au 40 aliyejilaza kitandani hajakaa bure hata kidogo.

Ndiyo maana agizo la tatu halikuwa la adabu tu, kama vile watu wanavyoagana kwa kusema "ugua pole". Lilikuwa sehemu ya matibabu. Lakini nani atamkumbusha mtu kumeza kupumzika mara tatu kwa siku?

Siku nne za kwanza alilala kwa sababu hakuwa na uwezo wa kufanya kingine. Alilala ndani ya chandarua hata mchana, kama alivyoelekezwa, kwa kuwa mbu wa dengue huuma mchana na angeweza kumng'ata yeye kisha akawapelekea watoto. Siku ya tano homa ikashuka. Alioga, akakaa barazani, akasema mwili umekuwa mwepesi. Mumewe alishukuru Mungu na kwenda kazini akiwa na furaha. Majirani wakampa hongera.

Siku ya sita alikuwa kwenye kibanda chake saa kumi na moja.

Asubuhi ile alipopiga mswaki aliona damu kwenye fizi, akadhani ni ugumu wa mswaki mpya. Kufika saa nne tumbo lilikuwa linamkata. Alitapika mara tatu nyuma ya kibanda, mara ya tatu akashindwa kunyanyuka. Fundi mmoja wa gereji aliacha injini wazi, akamkimbiza hospitali kwa bajaji ya kukodi huku sufuria ya maharage ikiungulia jikoni.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua, kwa sababu linawakamata wengi. Kwenye dengue, kushuka kwa homa si lazima iwe ishara ya kupona. Saa 24 hadi 48 zinazofuata baada ya homa kushuka ndizo ambazo kwa baadhi ya wagonjwa mambo hugeuka: maji ya damu huanza kuvuja nje ya mishipa, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda hupungua. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, mgonjwa kuhangaika au kulegea kupita kawaida, vyote hivyo ni vya kukimbilia hospitali, si vya kusubiri asubuhi. Na zile dawa za maumivu ambazo watu huzoea kujinunulia, diklofenaki, aspirini, ibuprofeni, zinakatazwa kwa mgonjwa wa dengue kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Madaktari hawakumwambia kwamba kazi ndiyo iliyomgeuzia ugonjwa. Dengue inaweza kugeuka hata kwa mtu aliyelala kitandani. Walichomwambia ni kwamba mtu aliyelala anaonwa mapema. Anayekaanga chapati huku akijikaza huonwa akishaanguka.

Alilazwa siku nne, akawekewa dripu. Baadaye alikuja kusema jambo lililomsikitisha mumewe: kwamba zile siku nne za wodini, pamoja na harufu ya dawa na vilio vya wagonjwa wengine, ndizo zilikuwa mapumziko yake ya kwanza tangu amzae mtoto wa mwisho. Hospitalini hakuna aliyemuuliza chumvi iko wapi.

Alirudi nyumbani akiwa amepungua kilo kadhaa, na karatasi mpya yenye agizo lile lile, safari hii limepigiwa mstari.

Nyumbani wageni walikuwa wameshajipanga.

Kumjulia hali mgonjwa ni jambo jema, na jamii isiyofanya hivyo imekufa. Lakini tuseme ukweli namna linavyofanyika. Mgeni anakuja na machungwa matano kwenye mfuko, anakaribishwa, anakaa saa mbili. Mgonjwa anatolewa kitandani, anajifunga khanga vizuri, anakaa kwenye kochi asionekane amezidiwa. Anasimulia ugonjwa tangu siku ya kwanza. Akimaliza, anaingia mgeni mwingine na hadithi inaanza upya. Mmoja anamweleza juu ya jamaa yake aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Mwingine anashauri majani ya mpapai. Wakati huo binti ametumwa soda dukani, na mgonjwa ndiye anayehesabu kama chenji imetimia. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali mama huyu alipokea makundi saba. Usiku wake hakulala, mwili ulikuwa unatetemeka kwa uchovu.

Si tatizo la Waswahili peke yao. Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu wa Uingereza, katika kitabu chake kuhusu uuguzi kilichotoka 1859, alitenga sura nzima juu ya kelele zinazomzunguka mgonjwa, na sura nyingine juu ya watu wanaomjia na matumaini ya juu juu na ushauri ambao hakuuomba. Inaonekana machungwa matano ni ya zamani sana.

Lakini wageni huondoka. Jambo zito lilikuwa ndani.

Kazi za nyumba haziugui. Mama akilala, ndoo hazijazi maji zenyewe, sare hazijifui, mtoto wa miaka minne haachi kuwa na miaka minne. Kazi ile ilipoondoka mikononi mwa mama haikupotea, ilihama. Na haikuhamia kwa baba, ambaye aliongeza saa mbili barabarani kila siku ili kufidia pesa ya kibanda. Haikuhamia kwa kijana wa kidato cha kwanza, ambaye jioni alikuwa uwanjani kama kawaida. Hakuna kikao kilichokaa kuamua, wala hakuna aliyemwamuru mtu. Ilishuka tu kama maji yanavyotafuta bonde, mpaka ikamfikia mtoto wa kike wa darasa la sita.

Binti alikuwa akiamka saa kumi, muda wa mama yake. Alichota maji, akapika chai, akamvisha mdogo wake, akampeleka kwa jirani, akakimbilia shule. Jioni akaosha vyombo, akapika, akafua. Baba alipoamka alikuta chai mezani, akainywa. Alipokuja kuulizwa baadaye kama alijua chai ile imepikwa na nani, alisema kwa uaminifu kwamba hakuwahi kufikiria. Chai siku zote ilikuwepo.

Mama ndiye aliyekuwa anajua. Alikuwa akilala huku anasikiliza. Mlio wa ndoo kwenye sakafu gizani, mlio wa mfuniko, kikohozi cha moshi wa mkaa. Mtu hawezi kupumzika akisikia mwanawe anafanya kazi yake. Ataweza kulala, macho yakafumba kabisa, lakini hajapumzika. Na kila alipoinuka, binti alimwambia, "Mama, rudi ulale," kwa sauti ya mtu mzima ambayo ilimuumiza zaidi kuliko mifupa.

Jumapili ya pili mama aliamua kufua sare mwenyewe. Alijaza beseni, akainama, akainuka kwa haraka, dunia ikazunguka. Aliangukia ukingo wa karo akapasuka juu ya nyusi. Kesho yake, Jumatatu, mwalimu wa darasa akampigia simu baba akiwa kijiweni.

"Baba, habari za kazi. Kuna tatizo lolote nyumbani?"

"Mama yao alikuwa mgonjwa, mwalimu. Lakini sasa amepona."

"Nashukuru kusikia hivyo. Ila mtoto analala darasani wiki ya pili sasa. Leo nimemuuliza, ananiambia anaamka saa kumi."

Baba alikaa kwenye bajaji yake bila kupakia abiria kwa muda. Kisha akafanya wanachofanya wanaume wengi wakishikwa pabaya. Alimpigia mama yake, huko Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ametoka hospitali mama, lakini hapumziki."

"Hapumziki au hapumzishwi?"

Baba hakuwa na jibu. Jumatano jioni alikuwa Ubungo akimpokea bibi, mfuko wa machungwa begani na kuku wawili kwenye kikapu.

Bibi hakuanza kwa kulaumu. Alimsalimu mkamwana wake, akamgusa paji la uso, akatazama kile kidonda cha nyusi, halafu akaketi na kumuuliza mwanawe maswali mbele ya watoto.

"Mkeo alipojifungua huyu mdogo, nilikaa hapa siku ngapi?"

"Arobaini, mama."

"Katika siku arobaini, aliinua ndoo?"

"Hapana."

"Alipika?"

"Hapana mama."

"Basi huyu ni mzazi, kasoro mtoto tu."

Ni jambo la kushangaza kwamba halikuwa limemjia mtu yeyote. Nyumba ile ilijua kupumzisha. Karibu kila nyumba ya Kiswahili inajua. Mwanamke akijifungua, watu wote wanaelewa bila kuandikiwa: uji wa pilipili manga, supu, mtori kwa wale wa Kilimanjaro, maji ya moto, mtu wa kumfulia, mtu wa kumshikia mtoto. Hakuna anayemwita mzazi mvivu. Hakuna anayemwambia siku ya sita, "Mbona unaonekana mzima?" Siku zimehesabiwa na kila mtu anazijua. Lakini mwanamke huyo huyo akitoka wodini na damu pungufu na miguu inayotetemeka, hana hesabu ya siku. Anatarajiwa kuamka pale anapoweza kusimama.

Kesho yake nyumba ilipangwa upya. Bibi alichukua jiko na mlango, basi, kwa kuwa naye alikuwa na magoti yake. Maji yalienda kwa kijana wa kidato cha kwanza. Siku ya kwanza vijana wenzake walimcheka bombani kwamba amekuwa mke wa mtu. Bibi alimsikiliza akilalamika, akamuuliza kama maji anayooga yeye hutekwa na wake za watu. Hakulalamika tena, ingawa kwa wiki nzima alichota maji kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Baba akapewa asubuhi: kuamka saa kumi na moja, uji, kumvisha mdogo. Uji wa kwanza ulikuwa na madonge. Mtoto aliukataa, baba akaula mwenyewe. Binti aliamriwa asitoke kitandani kabla ya saa kumi na mbili, na siku mbili za mwanzo aliamka hivyo hivyo saa kumi, akakaa gizani bila kujua afanye nini.

Mlangoni bibi aliweka kigoda. Wageni walipokelewa barazani. "Amelala, salamu zake nitamfikishia. Machungwa nipe mimi." Wengi walielewa na wakaondoka na heshima zao. Wifi mmoja aliyevuka bahari kutoka Kigamboni alinuna, na inasemekana mpaka leo hajalisahau.

Likabaki suala la pesa, ambalo bibi hakuwa na uwezo nalo.

Kikoba kilikuwa na mfuko wa jamii, kama vikundi vingi. Katiba yao ilisema mwanachama akilazwa anapewa mkono wa pole, na mama alikuwa ameupata akiwa wodini. Akishatoka, katiba haikusema kitu. Kwa kikundi, aliyetoka hospitali amepona, na marejesho yanaendelea, na faini ya kuchelewa ipo. Mwenzake mmoja ndiye aliyelipeleka suala hilo kwenye kikao cha Jumamosi, kwa sababu mwenyewe alikuwa anaona aibu. Mabishano yakawa makali. Mama mmoja alisema, na hakuwa amekosea kabisa, kwamba leo ni dengue, kesho ni mafua, na pesa ile ni ya watu. Mwingine akauliza kama wangependa alipe kwa wiki tatu halafu alazwe tena, mfuko utoe mara mbili. Mwishowe walikubaliana kumsogezea marejesho wiki nne bila faini. Haikupita kwa sauti moja. Yule mwenzake akasimamia kibanda kwa supu na chapati za asubuhi peke yake, faida wakagawana nusu kwa nusu, ili mafundi wasihamie kwa mtu mwingine.

Hata hivyo nyumba ilibana. King'amuzi hakikulipiwa miezi miwili. Nyama ikawa kuku wa bibi, na walipokwisha, ikawa dagaa. Kupumzika kuna bei, na asiyekiri hivyo hajawahi kupumzika akiwa hana mshahara.

Aliyeajiriwa angalau ana sheria upande wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Katika nyumba ile ile ya kupanga kulikuwa na mpangaji mwajiriwa wa kiwandani aliyepata dengue mwezi huo huo na kupewa ED ya siku tano. Mbili alilala. Tatu zilizobaki alikwenda kwenye kiwanja chake Chamazi kusimamia msingi, na kwa kuwa kibarua mmoja hakutokea, akachanganya zege mwenyewe. Aliporudi kazini alikuwa hoi kuliko alivyoondoka. Kwa hiyo tusidhani shida ni sheria peke yake. Wapo wanaopewa siku na wasijue pa kuziweka.

Kupona kwenyewe hakukwenda kama mama alivyotazamia. Alidhani kila siku itakuwa nzuri kuliko ya jana. Badala yake kulikuwa na siku anaamka mzima, anatembea mpaka dukani, anacheka, na kesho yake hawezi hata kuchana nywele. Muuguzi aliyemwona siku ya kurudi kliniki alimwambia uchovu baada ya dengue unaweza kukaa wiki kadhaa na si ishara ya uvivu wala ya kurogwa. Pia alimkataza kushinda kitandani, jambo lililomshangaza bibi. Misuli isiyotumika hudhoofika haraka, na damu isiyotembezwa inaweza kuganda miguuni. Alimwambia atembee kidogo mara nyingi, aketi kabla hajachoka badala ya baada ya kuchoka, anywe maji, ale hata kama ni kidogo, na mchana alale.

"Kabla ya kuchoka nitajuaje?" mama aliuliza.

"Anza na dakika kumi. Ukiona kesho umeamka vizuri, ongeza."

Akawa anatembea mpaka kwenye mwembe na kurudi. Baada ya wiki, mpaka msikitini na kurudi. Mtoto wa mwisho akawa msimamizi, akihesabu hatua kwa sauti na kuruka namba kumi na tatu.

Wiki ya nne ndiyo waliyogombana. Baba alirudi amechoka, akamkuta mkewe amekaa barazani, amesukwa, amejipaka mafuta, anazungumza na jirani. Ndani vyombo vilikuwa havijaoshwa kwa sababu ilikuwa zamu ya kijana na kijana alikuwa hajarudi.

"Si umepona wewe?" alisema.

Mama hakujibu. Aliingia ndani na kuanza kuosha vyombo. Bibi alitoka chumbani, akamwondoa kwenye beseni kwa mkono, akamketisha, na akamwita mwanawe. Aliyoyasema kule uani hakuna aliyeyasikia, maana alimsemea chini chini. Baba mwenyewe amewahi kukiri kwamba hakusema kwa ubaya. Alikuwa amemwona mkewe na sura yake ya zamani, na akaitamani nyumba yake ya zamani, ile ambayo chai ilikuwa inatokea yenyewe. Usiku ule aliosha vyombo yeye. Siku iliyofuata kijana alikuta mpira wake umepandishwa juu ya kabati.

Bibi alikaa siku thelathini na nne. Alisema siku sita zilizobaki anawadai, mvua zimeharibu mahindi yake na hana budi kurudi. Kabla hajapanda basi alimkabidhi mjukuu wake wa kike kile kigoda cha mlangoni, akamwambia asikae yeye, amkalishe mama yake.

Mama alirudi kibandani Jumatatu ya mwisho wa Mei. Binti ndiye aliyembebea kigoda mpaka pale kabla ya kwenda shule. Mkaa aliwasha mwenzake wa kikoba. Mama alikaa, akasukuma chapati hamsini, akatazama mikono yake, akaona inatosha. Saa nne alikuwa anafunika unga uliobaki.

Fundi wa gereji, yule aliyempeleka hospitali, alikuja akifuta mikono kwa tambara.

"Mama, mchana wali upo?"

"Haupo."

"Hata kidogo? Tumekaa mwezi mzima bila wali wako."

"Wali wiki ijayo, mwanangu," alisema, na akafunga kibanda.